Gumzo Kwanza, Ramani Baadaye

Tarehe 3 Januari 2008, mwanasheria Mkenya kwa jina Ory Okolloh aliandika maneno machache kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, Kenyan Pundit. Nchi ilikuwa inawaka. Kura zilipigwa 27 Desemba, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ory alikuwa amekuja nyumbani kupiga kura, sasa amerudi Afrika Kusini alikokuwa akiishi. Wasomaji wake walikuwa wakimletea habari: huku nyumba zimechomwa, kule barabara imefungwa, pale watu wameuawa. Zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja kuzipanga. Basi akatupa wazo, hivi hivi, katikati ya maneno mengine: je, hakuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani, tuone haya mambo yanatokea wapi?

Hapo hapakuwa na mfadhili wala mkutano wa hotelini. Lilikuwa pendekezo la mtu mmoja kwa watu waliozoea kupiga gumzo naye. Na haikupita muda, takriban wiki moja tu, ramani ikawa hewani. Jina lake walilitoa kwenye Kiswahili: Ushahidi.

Hadithi hii imesimuliwa sana kama hadithi ya teknolojia ya Kiafrika. Sina ubaya na hilo. Lakini mimi nimekulia Likoni, niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sehemu kubwa ya historia ninayoijua nimeipata kwa wazee wa kahawa na kwa ripoti ninazosoma kwenye simu nikingoja feri. Nikiisoma hadithi ya Ushahidi, naona baraza.

Mji wa Kale baraza ni la mawe, limejengwa pamoja na nyumba. Huku kwetu ng'ambo, na hata Kisauni na Changamwe, mara nyingi ni benchi la mbao chini ya mwarobaini, au mawe matatu karibu na muuza kahawa, na sisi vijana tunapaita maskani. Kazi yake ni ile ile. Watu wanakaa, wanabishana kuhusu Bandari FC, wanacheka, wanauliza mgonjwa wa nani ameamkaje. Ukitazama kwa mbali utasema hawa wanapoteza wakati tu.

Ila mapendekezo yote ya mtaa hupitia hapo. Taa iliyoko nje ya maskani yetu ilianza na mtu aliyesema, katikati ya ubishi wa mpira, kwamba giza limezidi na kina mama wanaogopa kupita. Hakuna aliyemjibu kwa hotuba. Wiki iliyofuata kukawa na daftari la michango. Mgeni angefika na kusema maneno hayo hayo, angesikilizwa kwa adabu, angepewa kikombe cha kahawa na kashata, na akiondoka, mambo yangeishia hapo. Huyu alisikilizwa kwa sababu alikuwa akija kila jioni. Tulishajua akikasirika anakuwaje, na akiahidi anatimiza ama hatimizi.

Sasa rudi kwa Ory. Walioitikia wito wake walikuwa wakijuana kwa maandishi kabla ya moto kuwaka. Erik Hersman, aliyekulia Kenya na Sudan, alikuwa akiandika kuhusu ubunifu wa mafundi wa jua kali na vitu wanavyounda kwa vyuma chakavu. Juliana Rotich alikuwa akiandika kuhusu mazingira na nishati ya jua. David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa mwenyeji wa Mashada, ukumbi wa mtandaoni ambako Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walikutana kupiga kila aina ya porojo. Hakuna kati ya hayo lililokuwa maandalizi ya vita. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya watu wanaopenda kitu na kukizungumzia. Lakini Januari ilipofika, hawakuhitaji kuulizana wewe ni nani na umetumwa na nani. Kobia na wenzake wakakaa na kompyuta, wakaunganisha ramani ya Google na fomu ya kupokea taarifa, na watu wakaanza kutuma walichokiona, kwa mtandao au kwa meseji ya simu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inabidi nikurudishe nyuma miaka kumi, hapa kwetu.

Usiku wa 13 Agosti 1997, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi na kuiba bunduki. Kwa wiki kadhaa zilizofuata, watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu nyingine za pwani ya kusini walishambuliwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wengine wengi sana wakahama makwao. Mamia walikimbilia kanisa la Kikatoliki la Likoni. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Wazee wa huku bado wanaita kipindi hicho Kaya Bombo, jina la msitu ambako vijana walilishwa kiapo. Kisha polisi wakafanya msako, na vijana wengi wa Kidigo wakakamatwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika visa vya watu kupigwa na kuteswa wakiwa mikononi mwa polisi.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninachokijua nimekisikia kwa vipande. Mama mmoja Mluo jirani yetu husimulia alivyovuka feri na mtoto mgongoni na sufuria moja. Mzee mmoja wa Kidigo husimulia kaka yake alivyochukuliwa alfajiri. Wote wawili ni mashahidi. Wamekaa mtaa mmoja zaidi ya miaka ishirini, wanasalimiana kila siku, na sijawahi kuwasikia wakisimuliana.

Serikali iliunda Tume ya Akiwumi mwaka 1998 kuchunguza vita vya kikabila. Ripoti yake wananchi waliruhusiwa kuiona 2002. Yaani miaka mitano baada ya tukio. Ndani yake mna majina, mna tarehe, mna maelezo ya mashahidi. Lakini miaka mitano ni muda mrefu: watu wamehama, wamekufa, wameamua kusahau ili waweze kuishi. Na katika ile Agosti yenyewe, mama aliyekuwa Mtongwe hakuwa na njia ya kujua njia ya feri ina usalama ama haina. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri. Kulikuwa na uvumi na mlio wa risasi, basi.

Ndiyo maana ule wa 2008 kwangu si mchezo wa kompyuta. Kufikia wakati huo laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 10. Shahidi alikuwa na kalamu mfukoni. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuweka ushahidi kabla haujapoa, na mtu wa kusema: hebu tupatengeneze. Tume ya Waki baadaye ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa katika ghasia hizo, na ripoti yake ina sehemu ya Pwani pia. Ramani haikuzuia vifo hivyo. Tusidanganyane. Ilichofanya ni kwamba safari hii, wakati redio zimefungwa mdomo, kulikuwa na daftari lililoandikwa siku hiyo hiyo na watu waliokuwa pale.

Kuna upande wa pili wa baraza, nao pia uko kwenye hadithi hii.

Mwezi huo huo wa Januari, wakati ramani inajaa nukta, Mashada ilikuwa inajaa sumu. Watu waliokuwa wakitaniana kuhusu makabila yao sasa walikuwa wakitishiana kwa makabila hayo hayo. Wasimamizi walifuta, wakaonya, wakafuta tena. Mwisho wa mwezi Kobia aliufunga ukumbi. Baadaye kidogo akafungua ukurasa mwingine ulioitwa I Have No Tribe, yaani sina kabila, ambako watu waliandika kwa nini wao ni Wakenya kwanza.

Fikiria hapo. Ndani ya wiki chache, mtu yule yule anasaidia kujenga baraza moja na kufunga jingine. Kwa hivyo siwezi kukwambia kwamba gumzo ni zuri kila mara. Maskani ikiwa na mtu mmoja anayewasha moto na wengine wanacheka, kesho utakuta hakuna anayecheka. Wazee wetu walilijua hili kabla ya intaneti. Baraza lina mwenyewe, na mwenye baraza ana haki ya kusema: jamani, leo tuinuke. Kufunga kwa muda hakujawahi kuwa aibu. Aibu ni kukaa kimya huku jirani anatukanwa mbele yako.

Mafundi wa Ushahidi waliiacha programu yao wazi, yeyote aichukue na aibadilishe. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi na wahisani huko Marekani waliwasha ramani ile ile. Shida ikawa lugha: meseji za kuomba msaada zilikuja kwa Krioli, na waokoaji wengi hawakuijua. Wahaiti wanaoishi ughaibuni wakajitolea kutafsiri, meseji moja baada ya nyingine. Wazo lililotupwa na Mkenya kwa wasomaji wake likawa chombo cha mtu aliyefukiwa na kifusi Port-au-Prince. Mwaka huo huo hapa nyumbani, kwenye kura ya maoni ya katiba ya Agosti, ramani nyingine ilifunguliwa kwa jina la Uchaguzi, watu waripoti vituo vyao viko vipi.

Na kila mahali ilipofika, watumiaji waliuliza swali moja: nitajuaje kwamba hii taarifa ni kweli? Swali hilo lilizaa kipengele cha kutofautisha taarifa iliyothibitishwa na ile ambayo bado. Huku kwetu tunalijua swali hilo kwa sura nyingine. Mtu akileta habari barazani, la kwanza anaulizwa: umeona, ama umeambiwa?

Hata hivyo kuna jambo linanikwaruza. Mwaka 2008 nyaya za baharini zilikuwa bado hazijafika. Zilitua Mombasa 2009, mji wetu, kwenye fukwe tunazoogelea Jumapili. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kwa hivyo walioweza kukaa kwenye baraza la mtandaoni wakati ule walikuwa wachache, wengi wao wamesoma, wengi wako ng'ambo ya pili ya dunia. Mama wa Mtongwe angeweza kutuma meseji kama angeijua namba. Lakini ramani iwe na rangi gani, ipokee lugha gani, jina la mtu lifichwe ama lionyeshwe, hakuulizwa, manake hakuwa barazani. Anayepiga gumzo ndiye anayependekeza, na anayependekeza ndiye anayeamua kitu kitakuwaje. Hili halihusu kompyuta peke yake. Lihusishe na bajeti ya wadi yako uone.

Leo kila mmoja wetu yuko kwenye magrupu matano au sita. Mengi tumeyazima sauti. Grupu la mtaa linaamka mtu akifariki, au maji yakikatika, au siasa ikichacha, na hapo ndipo watu wasiozoeana wanaanza kupeana mapendekezo kwa hasira. Historia ya Ushahidi inanifundisha kwamba hapo tumechelewa. Zile salamu za asubuhi unazoziona za bure, utani wa mpira, picha ya samaki aliyeungua, ndiyo akiba ambayo siku mbaya ikija mtaitoa.

Na mimi nina pendekezo langu, nalitoa hivi hivi kama alivyofanya yule mwanasheria. Walioshuhudia 1997 Likoni wanazeeka. Mama wa sufuria moja, mzee wa kaka aliyechukuliwa alfajiri, na wengine walio kama wao Kisauni na Changamwe. Tume iliwasikia baadhi yao, sisi bado. Majina yao tusiyatangaze, manake wengine wanaishi mlango kwa mlango na waliowaumiza. Lakini tukio, mahali na tarehe vinaweza kuwekwa mahali pamoja, pande zote mbili, kwa sauti zao. Hatuhitaji ufundi mkubwa. Hiyo kazi ilishafanywa. Kinachotakiwa ni kwenda kukaa nao, leo na kesho na keshokutwa, tunywe kahawa, tuzungumze ya mpira na ya mgonjwa, mpaka siku mmoja wao aamue mwenyewe kuanza kusimulia. Halafu tumuulize kile wazee huuliza: uliona, ama uliambiwa? Na tuandike.