Kati ya Christy Brown na Christopher Nolan

Ukitaja fasihi ya Dublin, wengi watakutajia James Joyce na Samuel Beckett, na mazungumzo yataishia hapo. Leo nawaleta waandishi wengine wawili wa jiji hilohilo: Christy Brown na Christopher Nolan (si yule mwongozaji wa filamu, majina tu yamegongana). Wote wawili waliishi na mtindio wa ubongo. Wote wawili mikono yao haikuwatii. Brown aliandika kwa mguu wa kushoto. Nolan aliandika kwa kijiti kilichofungwa kwenye paji la uso.

Brown alizaliwa mwaka 1932, Nolan mwaka 1965. Tofauti ni miaka 33 tu, lakini utotoni Brown alibaki nyumbani wakati ndugu zake wakienda shule, ilhali Nolan alisoma shule maalumu, akaingia sekondari ya kawaida pamoja na vijana wa rika lake, na baadaye akafika Trinity College. Sasa, nini kilitokea katika miaka hiyo 33? Si kwamba Nolan alikuwa na akili zaidi au alijituma zaidi. Jibu liko kwa watu waliowazunguka, na hao ndio huachwa nje kila hadithi hizi zinaposimuliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu hali yenyewe. Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Unavuruga mwendo, mkao na mara nyingi usemi. Baadhi ya watoto huathirika pia uwezo wa kujifunza, na wengine akili zao ni timamu kabisa. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mtoto ambaye mdomo haumtii huonekana kama mtoto asiye na la kusema, na kwa miaka mingi madaktari na walimu waliamini walichokiona.

Tiba ilianza kuiandika hali hii kwa umakini Uingereza, kupitia daktari William John Little, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni. Mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba uzazi mgumu na kuzaliwa kabla ya wakati vinaweza kuacha ulemavu wa maisha. Wapenzi wa fasihi watafurahi kusikia kwamba katika maandishi hayo alimtaja Richard wa Tatu, mfalme wa Shakespeare anayelalamika kuwa aliletwa duniani kabla hajakamilika. Miaka 36 baadaye Sigmund Freud, akiwa bado daktari wa mishipa ya fahamu, alichapisha kitabu kizima kuhusu kupooza kwa watoto kunakotokana na ubongo. Yeye alihoji: huenda uzazi mgumu wakati mwingine ni dalili ya tatizo lililoanza tumboni, wala si chanzo. Mjadala mzuri. Lakini mtoto aliyelala kitandani hakupata darasa kutokana na mjadala huo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Christy alipozaliwa. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Mama yake, Bridget, alizaa watoto 22 na 13 kati yao walikua. Madaktari walimwambia mtoto huyu hana tumaini, akili haipo, ampende ila asitegemee kitu. Bridget hakukubali. Hakuwa na ushahidi wowote wa kitabibu. Alikataa tu kumlea mwanawe kama mtu asiyekuwepo, akawa anamsemesha, anamwonyesha picha, anamsubiri.

Tukio lililomfanya Christy ajulikane dunia nzima lilitokea alipokuwa na miaka mitano. Dada yake alikuwa akifanya hesabu kwa chaki kwenye kibao. Christy akanyoosha mguu wa kushoto, akainyakua ile chaki kwa vidole. Mama akapiga magoti, akachora herufi A, akamwambia aifuatishe. Akajaribu, akashindwa, akajaribu tena hadi akaweza.

Filamu ya Jim Sheridan ya mwaka 1989 imelifanya tukio hilo kuwa maarufu zaidi. Daniel Day-Lewis na Brenda Fricker, aliyeigiza kama mama, wote walipata tuzo ya Oscar. Watazamaji wengi wanakumbuka chaki. Mimi nakumbuka zaidi kilichofuata baada ya chaki, yaani hakuna. Hakuna mwalimu aliyebisha hodi wala shule iliyosema mleteni. Mama akaendelea kumfundisha herufi moja moja, katikati ya kufua, kupika na kunyonyesha. Kaka zake wakamkokota mitaani kwa kigari kibovu walichokipa jina la Henry. Kigari kilipovunjika, Christy alibaki ndani, na humo ndani ndimo alipoanza kujilinganisha na wenzake na kuingiwa na huzuni. Familia ilikuwa imempa upendo na herufi, lakini haikuweza kumpa tiba, wanarika wenye hali kama yake, wala mahali pa kwenda kila asubuhi.

Hapa ndipo anaingia Robert Collis. Huyu alikuwa daktari wa watoto na mwandishi pia. Tamthilia yake ya Marrowbone Lane, iliyochezwa Dublin mwaka 1939, iliwaonyesha matajiri wa jiji jinsi watoto wa mitaa ya mabanda walivyokuwa wakifa. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihudumia watoto katika kambi ya Bergen-Belsen, na baadhi yao akarudi nao Ireland. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akianzisha huduma kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na kliniki yake ya mwanzo haikuwa jengo la fahari, ilikuwa ukumbi wa mazoezi wa hospitali. Christy, sasa kijana, aliingia pale akakuta watoto wadogo wenye miili kama wake. Anaandika kwamba kuwaona kulimgusa sana, maana alikuwa amekua akidhani yuko peke yake.

Lakini kliniki ilikuja na sharti. Mtaalamu wa London, Eirene Collis, shemeji wa Robert, alimpima akasema anaweza kusaidiwa, ila aache kabisa kutumia mguu wa kushoto, kwa sababu mguu huo ulikuwa ukiukaza mwili uliobaki. Hebu fikiria. Mguu ule ndio uliokuwa kalamu na brashi yake, na kwa sehemu kubwa ulikuwa sauti yake. Christy alikubali. Ndiyo maana kitabu chake, My Left Foot, kilichotoka mwaka 1954, sehemu kubwa hakuiandika kwa mguu: aliwatamkia kaka zake, nao wakaandika. Collis akawa mwalimu wake wa uandishi, akimwonyesha wapi lugha imekuwa ya mapambo mno na wapi imesimama.

Naona sharti lile ndilo swali kubwa katika historia nzima ya elimu maalumu. Je, kazi ni kuunyoosha mwili wa mtoto ufanane na wa wengine, au ni kumpa njia ya kujieleza kwa mwili alio nao? Enzi zile jibu la wataalamu lilielekea upande wa kunyoosha. Sidhani walikuwa wakatili, kwani mazoezi yaliwasaidia wengi. Ila mtoto anaweza kukaa wima miaka kumi bila mtu kumuuliza anawaza nini.

Miaka ileile ya mwanzo ya 1950 watu wa kawaida walianza kujikusanya. Dublin, mwaka 1951, Valerie Goulding na Kathleen O'Rourke walianzisha Central Remedial Clinic, wakati polio ikiacha watoto wengi na ulemavu. Kliniki ilikua, ikapokea watoto wenye mtindio wa ubongo na kuwafungulia shule, na mwaka 1968 ikahamia Clontarf, kaskazini mwa jiji. Ng'ambo ya bahari, London, mwaka 1952 wazazi watatu na ofisa mmoja wa ustawi wa jamii walianzisha chama ambacho leo kinaitwa Scope. Wazazi hao walikuwa na hasira, na walikuwa na sababu. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1944 iliruhusu mtoto kutangazwa kuwa hafundishiki, na akishatangazwa, shule haikumhusu tena. Chama kikajenga shule zake chenyewe. Kipengele hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1970. Kwa hiyo hata katika nchi tajiri, wazazi ndio waliotangulia na serikali ikafuata nyuma.

Hayo ndiyo mazingira yaliyomsubiri Christopher Nolan. Alizaliwa Mullingar, mkoa wa Westmeath, na wakati wa kuzaliwa alikosa hewa muda mrefu. Hakuwahi kutamka neno. Wazazi wake, Joseph na Bernadette, waliacha shamba wakahamia Dublin ili mtoto apate shule, na shule waliyoifuata ni ile ya kliniki ya Clontarf. Baba alikuwa akimsomea vitabu na kumsimulia hadithi. Alipofika miaka 11 alipewa dawa ya kulegeza misuli, shingo yake ikapata utulivu kidogo, na hapo wataalamu na mama yake wakajaribu kijiti kwenye paji la uso na mashine ya kupiga chapa. Mama alisimama nyuma akiwa amemshika kidevu, naye akapiga herufi baada ya herufi.

Yakafumuka maneno yaliyokuwa yamerundikana miaka yote ile. Mashairi yake, Dam-Burst of Dreams, yalitoka mwaka 1981 akiwa na miaka 15, wakosoaji wakaanza kumfananisha na Joyce. Mwaka huohuo Christy Brown alifariki. Mwaka 1987 Nolan akatoa Under the Eye of the Clock, hadithi ya maisha yake kupitia mhusika aitwaye Joseph Meehan, iliyompatia tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka.

Ukivisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana, utaona nyumba kwanza, halafu shule. Kitabu cha Brown kimejaa jikoni, kitanda, ua na ukuta wa matofali ambao mama yake alianza kuujenga kwa mikono yake ili mwanawe apate chumba. Cha Nolan kimejaa ukumbi wa shule ya Mount Temple, wanafunzi wanaosukuma kiti chake, walimu waliojifunza kusoma macho yake, utani wa vijana. Mama yupo kote kuwili. Tofauti ni kwamba wa pili hakuwa peke yake.

Sisi waandishi wa habari tuna kawaida ya kuandika "licha ya ulemavu wake". Tunamtafuta mtoto mwenye kipaji cha kushangaza, tunampiga picha, wasomaji wanalia, wiki inaisha. Christy Brown ndiye baba wa hadithi za namna hiyo, bila yeye kupenda. Hatari yake ni kwamba zinaifanya elimu ionekane kama zawadi kwa aliyethibitisha kwamba anafaa. Je, kama Christy asingeinyakua chaki?

Swali hilo lilifika mahakamani Ireland. Mama mmoja wa Cork alikuwa na mtoto mwenye ulemavu mkubwa sana, uliotokana na ugonjwa mwingine, si mtindio wa ubongo. Serikali ilidai mtoto huyo hafundishiki, kwa hiyo ahadi ya katiba ya elimu ya msingi bila malipo haimgusi. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo, ikasema serikali inawajibika kumpa elimu inayolingana na hali yake. Mtoto huyo hakuwa ameandika kitabu, na hakuna aliyemwomba aandike.

Kwa hiyo mkiwasoma Brown na Nolan, na ninawasihi muwasome, furahieni lugha yao, maana wanastahili kusomwa kama waandishi. Halafu hesabuni mikono iliyo nyuma ya kila ukurasa: ya mama aliyepiga magoti sakafuni, ya kaka waliovuta Henry, ya daktari aliyesahihisha rasimu, ya yule aliyeshika kidevu. Kisha mfikirieni mtoto aliyekaa kiti cha jirani na Nolan pale Clontarf, ambaye hakuwa na shairi lolote kifuani. Naye alipata kiti kinachomtosha, mazoezi ya viungo na mwalimu anayemjua jina. Mafanikio makubwa ya ile miaka 33 ni huyo.