Hukumu na Malipo: Funzo la Wafanyakazi wa Jumuiya

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki wakidai mafao yao. Mkataba wa 1984 uliitaka kila nchi iwalipe raia wake. Watanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003. Mwaka 2005 pande zote zikaafikiana na makubaliano yakawa hukumu. Hata hivyo baadhi yao walirudi mahakamani kuomba hukumu ikaziwe. Mali ya mwajiri binafsi hukamatwa na kupigwa mnada; mali ya Serikali kisheria haikamatwi. Hivyo basi, Ndugu, dhidi ya urasimu mfanyakazi hana dalali wa mahakama. Ana umoja wake, na Chama kinachopaswa kuisimamia Serikali mpaka jasho lilipwe.