Mahojiano ya kazi ya programu: mutu wa Goma anaulizwa nini

Kampuni inayotafuta mutu wa kutengeneza programu haitosheki na diploma. Kijana aliyemaliza informatike ISIG-Goma ao kwenye chuo kingine anapita kwanza mazungumzo mafupi, halafu testi ya kuandika kodi peke yake, kisha anaandika kodi huku injinia anamuangalia kwa mtandao. Kazi za mbali, mara nyingi yote inapita kwa Kiingereza.

Hiyo ya mbele ya injinia ndiyo inaogopesha zaidi. Swali lenyewe ni fupi. Mfano: uko na bei 1.000 za soko la Virunga, tafuta bei mbili ambazo jumla yake ni franka 10.000. Njia inayokuja kichwani kwanza ni kulinganisha kila bei na ingine. Jibu linapatikana, lakini kazi inaweza kufika ulinganisho 499.500. Njia ingine: unapita kwenye liste mara moja tu, kila bei unaiweka kwenye jedwali. Ukifika kwenye 3.500, unauliza jedwali kama 6.500 ilikwisha kupita. Hapo hauzidishi mizunguko 1.000.

Injinia anataka kusikia tofauti hiyo kwa mdomo. Mwenye kunyamaza dakika kumi kisha akatoa jibu sawasawa anaweza kushindwa na mwenye kuanza na njia ya polepole huku anaeleza. Na mbele ya kuandika chochote, kuuliza: bei moja inaweza kutumiwa mara mbili? Jibu likikosekana, programu irudishe nini? Mafumbo ya zamani, yale ya kuhesabu mipira ndani ya basi, siyo ya kuumiza kichwa sana; Laszlo Bock, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi kwa Google, alisema mwaka 2013 kwamba hayana faida.

Saa nayo inadanganya watu. Saa 10:00 ya Nairobi ni saa 9:00 ya Goma, na saa 8:00 ya Kinshasa. Umeme ukikatika katikati, simu yenye mega na betri iliyojaa inaokoa, na ni vizuri kumuonya injinia tangu mwanzo.

Swali la mwisho ni la muombaji: mushahara utapita wapi? Tangu benki za muji zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hilo linaulizwa mbele ya kutia sahihi.