Siri ya maziwa: Ilitafutwa Ulaya, ikapatikana nyumbani

Mwaka 2002 watafiti wa Finland, wakiwamo Nabil Enattah na Leena Peltonen, walitangaza sababu ya mtu mzima wa Ulaya kunywa maziwa freshi bila kuumwa tumbo. Ni herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika, karibu na jeni ya laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani laktasi hupungua baada ya kuachishwa kunyonya. Kwa wenye herufi ile, inaendelea maisha yote.

Habari ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na pengo. Herufi hiyo ilikuwa adimu mno Afrika, wakati wafugaji wa huku kwetu, kuanzia nyanda za Monduli hadi Sudan, wameishi kwa maziwa tangu enzi za mababu. Walikuwa wanayamudu vipi?

Swali hilo lilifanyiwa kazi na Sarah Tishkoff, mtaalamu wa vinasaba aliyekuwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, pamoja na wenzake wa Afrika, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili. Walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Mtu alikunywa maji yaliyokorogwa gramu 50 za laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa, kiasi kinachopatikana katika lita moja hivi ya maziwa. Kisha alichomwa kidole mara kadhaa ndani ya saa moja, tone la damu likapimwa. Sukari ikipanda, laktasi inafanya kazi. Isipopanda, imepungua mno.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature Genetics. Yalipatikana mabadiliko matatu mapya. Lile lililoenea Tanzania na Kenya liko umbali wa herufi 100 tu kutoka lile la Ulaya, na watafiti walikadiria kwamba lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Kumbe wafugaji wa huku hawakurithi uwezo huo Ulaya. Waliupata wenyewe, kizazi baada ya kizazi, wakiishi na ng'ombe wao.

Udongo nao umetoa ushahidi. Mwaka 2020 Katherine Grillo na wenzake, wakiwamo Watanzania Agness Gidna na Audax Mabulla, walichapisha uchunguzi wa vigae vya vyungu vya kale vya Kenya na Tanzania. Miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa ni Luxmanda, wilayani Babati, makazi ya wafugaji ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Mafuta ya maziwa yalikuwa bado yamejificha ndani ya baadhi ya vigae hivyo.

Tena wazee hawakutegemea vinasaba pekee. Maziwa yakiachwa kwenye kibuyu, bakteria huila laktosi na kuigeuza asidi. Asidi ikifikia kiwango fulani, kaseini, protini kuu ya maziwa, huacha kuelea, ikashikana mabonge. Hapo ndipo tunapopata mgando, na sukari iliyobaki ni ndogo kuliko ya maziwa freshi. Anayekula loshoro, mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na mgando, chakula kipenzi cha Wameru na Waarusha, anakula maarifa ya kuyatawala maziwa yaliyotangulia maabara zote.

Upande wa ng'ombe, maarifa ya wenyeji yalidharauliwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao iwe ya ufugaji wa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Iliaminika kwamba ufugaji bora ni wa mgeni.

Mpwapwa ilionyesha njia nyingine. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha huko walichanganya damu ya zebu wa Tanganyika, ng'ombe wetu wa kienyeji, na ya mifugo ya Asia kama Sahiwal na Red Sindhi, na kidogo ya Ulaya, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa, anayestahimili ukame na kutoa maziwa mengi kuliko zebu. Alitambuliwa rasmi mwaka 1958.

Leo mbegu za madume bora zinatayarishwa Usa River, katika Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji, NAIC, kando ya barabara ya Arusha–Moshi. Huhifadhiwa kwenye mirija myembamba ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Shida ya miaka mingi imekuwa ni kumjua dume bora. Dume hakamuliwi, hupimwa kwa maziwa ya binti zake. Dume aliyesifiwa kwa binti wanaolishwa vyakula vya viwandani Ulaya anaweza kuzaa mtamba atakayeshindwa na ndigana kali na malisho ya majani ya migomba hapa Meru.

Ndiyo maana mradi wa African Dairy Genetic Gains (ADGG), ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, tangu mwaka 2016 nchini Tanzania na Ethiopia, ulianzia kwa mfugaji mdogo. Maziwa ya ng'ombe wake yalipimwa na kuandikwa, na vinasaba vya ng'ombe huyo vikasomwa. Kwa kuunganisha kumbukumbu hizo, dume huchaguliwa kwa jinsi ndugu zake wanavyofanya kwenye mabanda yetu, si ya wengine.

Kwa watu na kwa ng'ombe, jibu sahihi lilipatikana siku kipimo kilipoletwa hapa. Kwa hiyo daftari la maziwa la mfugaji wa Arumeru ni kazi ya sayansi. Serikali ilipie upimaji huo kila mwaka, isisubiri wafadhili. Na zebu wetu, ambao ni zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania, wahifadhiwe wasije wakamezwa na damu ya kigeni kabla hatujasoma kilichomo ndani yao.