Pishi ya Hewa: Historia ya Hati za Kaboni na Ahadi za Makampuni

Kila biashara ina kipimo chake. Muuza mchele ana pishi na kibaba, muuza nguo ana yadi, muuza mafuta ya taa ana chupa yake, na mnunuzi mwenye akili husimama karibu akaangalia jinsi kipimo kinavyojazwa. Katika muda wa miaka kama 40 hivi imezuka duniani biashara ya kitu kisichoshikika kwa mkono wala kuonekana kwa jicho. Kitu hicho ni hewa ya kaboni ambayo haikutolewa, au iliyokwisha kutolewa kisha ikarudishwa katika miti na ardhi. Kipimo chake ni tani moja, na ushahidi wa tani hiyo ni hati. Wenye biashara huiita krediti ya kaboni; katika insha hii nitaiita hati ya kaboni.

Yafaa msomaji ajue habari za hati hizi kwa sababu mbili. Kwanza, makampuni makubwa ya ulimwengu yamezitumia ili kutimiza, au kudai kutimiza, ahadi zao za kupunguza madhara wanayoitia hali ya hewa ya dunia. Pili, nyingi za hati hizo hutokana na misitu, mikoko na malisho ya nchi kama yetu. Atakayeulizwa kesho kama ardhi ya wazee wake iingizwe katika biashara hii huenda akawa ni wewe usomaye maneno haya.

Tuanze na jambo lenyewe. Makaa ya mawe, petroli na dizeli zikichomwa hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo hupanda angani, huzuia joto lisitoke duniani, na sehemu yake hukaa huko kwa mamia ya miaka. Tena haina mpaka. Tani iliyotoka katika bomba la kiwanda cha Ulaya na tani iliyotoka katika kichaka kilichochomwa Taita huchanganyika, wala mbingu haziulizi ipi imetoka wapi. Kutokana na jambo hili watu walifikiri hivi: ikiwa mimi mwenye kiwanda siwezi kupunguza moshi wangu ila kwa gharama kubwa, basi na nimlipe mtu wa mbali apunguze wake, au apande miti itakayofyonza wangu. Kwa hesabu ya angani yote ni mamoja, ikiwa tani ya yule wa mbali ni ya kweli. Katika neno hilo "ikiwa" ndimo ilimo historia yote ya biashara hii.

Miongoni mwa makampuni ya kwanza kulijaribu wazo hili ilikuwa kampuni ya umeme ya Marekani iitwayo AES. Mwaka 1988, ilipokuwa katika shughuli ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika jimbo la Connecticut, ilikubali kutoa dola milioni 2 kulisaidia shirika la CARE lililokuwa likifanya kazi na wakulima wa Guatemala, katika Amerika ya Kati. Shabaha ilikuwa kupanda miti milioni 52 katika miaka 10, ili miti hiyo ifyonze kaboni kwa niaba ya mtambo. Hapana sheria iliyoilazimisha kampuni kufanya hivyo, na kwa hilo yastahili sifa yake. Lakini wakulima wa Guatemala walikuwa na haja zao: kuni za kupikia, mahindi ya kula, mahali pa kulisha mifugo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kaboni iliyohifadhiwa ilikuwa pungufu ya ile iliyotarajiwa. Moshi wa Connecticut, kwa upande wake, haukupungua hata kidogo kwa ajili ya miti iliyokosekana. Tangu siku hizo za mwanzo, deni lilikuwa la hakika na malipo yalikuwa ya kutumainiwa.

Baadaye mataifa yaliipa biashara hii sheria. Mwezi wa Desemba 1997, katika mji wa Kyoto, Japani, nchi zenye viwanda ziliahidi kupunguza hewa chafu, na zikaruhusiwa kutimiza sehemu ya ahadi kwa kununua hati zilizotokana na miradi ya nchi maskini. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2005. Mwaka uo huo nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuviwekea viwanda vyao kiasi cha kaboni wasichopaswa kukipita, na kampuni iliyokaribia kukipita iliweza kuleta hati kutoka ng'ambo ikahesabiwa kuwa imetii.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana katika habari hii mna fundisho kubwa. Katika China na India vilikuwako viwanda vilivyotengeneza gesi ya kupozea majokofu. Kazi hiyo huacha taka, nayo ni gesi iitwayo HFC-23, ambayo nguvu yake ya kuzuia joto hupita ile ya kaboni zaidi ya mara 11,000. Kwa hiyo, kiwanda kilichoteketeza tani moja tu ya taka hiyo kilipewa hati za maelfu ya tani. Kuiteketeza kulikuwa rahisi, na hati zilileta fedha nyingi mno. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba baadhi ya viwanda vilikuwa na faida ya kutengeneza gesi nyingi kuliko iliyohitajiwa, ili vipate taka ya kuteketeza. Ni kama mtu aliyeahidiwa ujira kwa kila panya atakayemwua, naye akaenda zake nyumbani kufuga panya. Umoja wa Ulaya ulizikataza hati za namna hiyo tangu mwezi wa Mei 2013. Lakini kabla ya hapo makampuni mengi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuzitumia, na vitabu vyao vya hesabu vilikuwa safi.

Sambamba na soko hilo la sheria likakua soko la hiari. Hapa kampuni hainunui hati kwa kuogopa faini. Hununua kwa sababu imetoa ahadi mbele ya wateja wake. Katika soko hili Kenya imekuwa na jina kubwa. Mwaka 2011 mradi wa ukanda wa Kasigau, katika nchi kavu iliyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ulikuwa wa kwanza ulimwenguni kupewa hati za hiari kwa kuzuia msitu usikatwe chini ya kanuni za shirika liitwalo sasa Verra. Eneo lake ni kama hekta 200,000.

Hati za kuzuia ukataji zina ugumu wake, nao hauhusu Kasigau peke yake. Mti uliopandwa unaweza kuhesabiwa. Mti ambao ungalikatwa utahesabiwaje? Mtu akikuambia, "Nilipe, kwa maana nilikuwa nimekusudia kukata miti 100, nami nimeiacha," utaijuaje nia ya moyo wake? Hapana budi kukisia ukataji ambao ungalitokea kama mradi usingalikuwako. Anayekisia mwingi hupata hati nyingi, na mara nyingi mkisiaji na muuzaji ni mtu mmoja. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa miradi 26 ya misitu katika nchi 6, zikiwamo Tanzania, Zambia na Kongo. Waliilinganisha misitu hiyo na mingine iliyofanana nayo isiyokuwa na mradi. Waliona kwamba miradi mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha kuonekana, na ile iliyopunguza ilipunguza kidogo kuliko ilivyodai. Verra ililalamikia njia za uchunguzi wa namna hiyo, lakini wanunuzi wengi waliingiwa na shaka.

Makampuni yenyewe yalifanya nini? Tuchukue mifano miwili. Mwezi wa Novemba 2019 shirika la ndege la easyJet la Uingereza lilitangaza kwamba litalipia kaboni ya mafuta ya safari zake zote kwa kununua hati, na kwamba gharama yake itakuwa kama pauni milioni 25 katika mwaka wa kwanza. Mwezi wa Septemba 2022 likatangaza kuwa litaacha, na badala yake fedha zake zitakwenda katika ndege zitumiazo mafuta kidogo na mafuta ya namna nyingine. Mfano wa pili ni kampuni ya Google. Tangu mwaka 2007 ilidai kwamba hesabu yake ya kaboni imelingana, na hati zilikuwa nguzo ya dai hilo. Mwaka 2024 ilitoa taarifa kwamba kaboni yake ya mwaka 2023 ilizidi ile ya mwaka 2019 kwa asilimia 48, na kwamba dai lile haliliendelezi tena. Zingatia jambo hili, ewe msomaji: kwa miaka mingi hesabu ilisemwa kuwa sawa, na hata hivyo hewa iliyotoka ilikuwa ikiongezeka.

Kwa ajili ya mambo kama haya, kanuni za ahadi zimebadilika. Mwezi wa Oktoba 2021 chombo kinachokagua shabaha za makampuni kwa kipimo cha sayansi, kiitwacho SBTi, kilitoa kanuni hii: kampuni itakayo kudai kwamba imefikia sifuri haina budi, kwa kawaida, kupunguza kaboni yake yenyewe kwa asilimia 90 au zaidi kabla ya mwaka 2050. Kiasi kidogo kitakachosalia ndicho kitakachofidiwa, tena kwa kuiondoa kaboni angani kabisa. Mwezi wa Aprili 2024 wakuu wa chombo hicho walipotangaza kwamba wangependa kuilegeza kanuni kuhusu kaboni ya wale wanaoyauzia makampuni bidhaa, wafanyakazi wao wenyewe waliwapinga hadharani. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukataza bidhaa kuitwa isiyodhuru hali ya hewa kwa sababu tu mwenye kuiuza amenunua hati.

Je, hati za kaboni zatupwa basi? Mimi sisemi hivyo. Nenda Gazi, katika Kaunti ya Kwale, uone mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na kila mwaka mradi huandikiwa kama tani 3,000 za kaboni. Mapato yake yamepeleka maji kwa watu na vitabu shuleni. Mikoko nayo hulea samaki, huvunja nguvu ya mawimbi, na huficha kaboni chini ya matope. Kazi hiyo ni njema, na anayeigharimia afanya vema. Lakini piga hesabu ndogo. Kampuni itoayo tani milioni 3 kwa mwaka, ikitaka kufidia zote kwa njia hii, itahitaji ghuba 1,000 kama ya Gazi, na mwaka ujao itazihitaji tena. Pwani yetu haina ghuba 1,000. Hati zaweza kulipa salio la deni; haziwezi kulilipa deni zima huku mdaiwa akizidi kukopa.

Tena kuna upande wa mwenye ardhi. Kule kaskazini mwa Kenya mradi mkubwa wa malisho uliuza hati kwa makampuni mashuhuri ya Marekani, kwa hoja kwamba mpango mpya wa kuchunga mifugo unatia kaboni katika udongo. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za Kaunti ya Isiolo, mojawapo ikiwa miongoni mwa zile za mradi, zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, mwaka 2023, Bunge letu lilikuwa limeirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sasa mradi wa ardhi ya jamii hauna budi kuwa na mapatano na jamii hiyo, na kuitolea kila mwaka asilimia 40 ya mapato, na kanuni za mwaka 2024 zikaongeza kwamba gharama ziondolewe kwanza. Msomaji ataona kwamba hayo maneno ya "gharama ziondolewe kwanza" yanahitaji watu wajuao kusoma daftari la hesabu.

Kwa hiyo, siku utakapoletewa habari za hati za kaboni, ukiwa mwanakijiji, karani, mwanasheria au mnunuzi, uliza maswali matatu. La kwanza: kampuni inunuayo imepunguza moshi wake kwa kiasi gani kabla ya kununua? La pili: kama fedha hizi zisingalikuja, mti huu ungalikatwa kweli, na nani amekisia? La tatu: wenye ardhi walielezwa nini, kwa lugha gani, nao wanapata fungu gani? Majibu yakiwa wazi, biashara ni halali na yaweza kuleta heri. Yakiwa na kiza, basi pishi ina tundu.

Wazee wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kumpata jirani wa kulipia. Jirani aweza kusaidia, na msaada wake ni wa kushukuriwa, lakini mdaiwa ndiye apaswaye kuufungua mkoba wake kwanza. Makampuni mengi yameweka shabaha za mwaka 2030 na za mwaka 2050. Mwaka 2050 nanyi mtakuwa watu wazima, wengine wenu wakiwa na watoto katika shule hizi hizi. Mtaweza kuyachukua maandishi ya leo mkayalinganisha na hewa mtakayokuwa mkiivuta, na kazi hiyo ya kulinganisha itakuwa yenu.