Mbu na Maji ya Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander jijini Dar es Salaam, ukipita kwenye matete na mikoko. Panapotuama maji, mbu hutaga.

Zamani dawa ilikuwa kufukia dimbwi au kumwaga mafuta juu yake. Viluwiluwi wa mbu walikosa hewa wakafa, na wadudu wengine wa majini pia. Nchi nyingi zikaleta samaki aina ya gambusia kutoka Marekani. Nao wakageukia makinda ya samaki wenyeji na ya vyura.

Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, iligunduliwa bakteria iitwayo Bti. Kiluwiluwi akiila, sumu yake huharibu utumbo wake. Samaki, ndege na watu haiwadhuru. Dar es Salaam ilianza kunyunyiziwa mwaka 2006, katika kata 3. Lakini Bti nayo si malaika: kule Camargue, Ufaransa, iliua pia usubi wasiouma, na mbayuwayu wakalea makinda wachache.

Tafadhali usitupe taka hapa. Kopo lililojaa mvua huzalisha mbu, na ndani yake hamna samaki wala kereng'ende wa kuwala.