Samaki Bondia na Chupa Yake

Mwaka 1840, Theodore Cantor, daktari Mdenmark aliyeitumikia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alipata samaki kadhaa waliotoka kwa Mfalme Rama wa Tatu wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1849. Alisimulia jinsi watu wa huko walivyowehuka na kamari ya kupiganisha samaki, wengine wakiweka dau hata nafsi zao na familia zao, huku vibali vya mchezo huo vikimwingizia mfalme mapato. Jina la kisayansi alilowapa lilikuwa na mwenyewe tayari, hivyo mwaka 1910 Charles Tate Regan wa London akawabatiza upya: Betta splendens, au beta kwa kifupi.

Ufugaji wa samaki hawa ni wa zamani zaidi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa umedumu kwa zaidi ya miaka 400. Beta wa porini, anayeishi kwenye mashamba ya mpunga na vinamasi, ni mdogo, wa rangi iliyofifia, mwenye mapezi mafupi. Madume wawili wakikutana, hutishana, huumana kidogo, kisha mmoja hukimbia. Wafugaji walizalisha wale wasiokimbia, kizazi baada ya kizazi, hadi pambano la dakika chache likawa la saa kadhaa.

Na hapo ndipo chupa ilipoingia. Madume hawawezi kukaa pamoja, basi kila mmoja akapewa chombo chake. Mashamba ya Thailand hadi leo hupanga safu za chupa bapa za pombe, na kati ya chupa na chupa huchomekwa kipande cha karatasi ngumu ili majirani wasionane wakachoshana bure. Beta humudu maji yaliyotulia kwa sababu hupanda juu na kuvuta hewa kama sisi.

Lakini chupa ile ilikuwa kambi ya bondia. Mfugaji alimtazama kila siku, akambadilishia maji, akamlisha viluwiluwi wa mbu, na joto la Bangkok likafanya kazi iliyobaki. Aliyejeruhiwa alitiwa kwenye maji yaliyolowekwa majani makavu ya mkungu, mti uleule unaotia kivuli nyua za Mombasa na Unguja. Majani hayo hutoa tanini, maji yakageuka rangi ya chai nyepesi, na ukungu na baadhi ya bakteria wakapungua nguvu. Siku hizi watu wa Ulaya huyanunua kwa pakiti. Pwani majani yaleyale hufagiliwa asubuhi na kuchomwa.

Beta walipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, kisha Marekani, chupa ilisafiri nao. Joto na mtu wa kuwatazama havikusafiri. Watu wakabaki na habari moja tu, kwamba samaki huyu hasumbuki kukaa kwenye chombo kidogo. Miaka ya 1990 Wamarekani wakauziwa beta ndani ya vasi lenye ua lililozibia juu, eti angekula mizizi. Beta ni mla nyama! Wengi walikufa kwa njaa, baridi na uchafu wao wenyewe.

Urembo nao ulileta maradhi yake. Mkia wa nusu mwezi, unaofunguka nyuzi 180, ulizalishwa miaka ya 1980. Unavutia kweli, ila huchanika upesi na kuoza maji yakichafuka, na samaki mwenyewe huogelea kwa taabu penye mkondo mkali. Hata hivyo soko halijali sana: mwaka 2016 beta mwenye rangi za bendera ya Thailand aliuzwa baht 53,500, na mwaka 2019 serikali ikamtangaza beta kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Kwa anayemfuga nyumbani, tangi la lita 20 linatosha dume mmoja, likiwa na chujio la mkondo mpole na mfuniko, maana hewa baridi ya juu nayo humdhuru. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia ya taka zake kuwa kitu kisicho na sumu kali, kwa hiyo hubadilishwa sehemu tu ya maji kila wiki, na ya bomba huondolewa klorini kwanza. Joto linalomfaa ni nyuzi 25 hadi 28. Dar es Salaam hupata hilo bila gharama sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi mwezi wa Julai, bila kipasha maji, atalala chini na kususa chakula.